Kamba Mguuni

Niliwanunua gulioni, tarehe saba, mvua ikinyesha,
tembe wanne ndani ya boksi la buti
nililolitoboa kwa msumari.
Njia nzima ya kupanda milima ya Ourense
walinong'ona mapajani mwangu.

Dosinda, mama mkwe, ambaye haoni tena ila vivuli,
aliingiza mkono bokisini, akapapasa vifua vyao
kama apimaye unga.
"Wembamba," akasema. "Na wako ni wanne.
Wetu ni saba."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Hawa niliwafunga mwenyewe, uzi wa sufu,
mwekundu, kijani, manjano.
Wa nne, uzi ukaniishia,
nikamvisha utepe uliotoka kwenye keki
ya ubatizo wa mtoto wa jirani.

Wiki mbili peke yao katika banda la kuni,
nisije nikaleta kideri kwenye nyumba ya watu.
Kisha wiki tatu za seng'enge:
huku tembe wanakula kwa wasiwasi,
kule Sajenti, mtetea mweusi mwenye magamba ya kizee miguuni,
anakwenda mbele na nyuma
kama mwenye nyumba tarehe moja ya mwezi.

Nilidhani kuonana kunatosha.
Jumapili, jua limetoka, nikaiondoa seng'enge
nikawamwagia mahindi wote pamoja.
Sikufika kumi katika kuhesabu.
Wa utepe alikuwa chini, manyoya ya shingo yake
yakipeperuka juu ya kabichi.
Damu kidogo tu. Lakini kuku na damu, wajua,
akiionja mmoja, wote wachinjaji.
Nilimwokoa kwa ufagio,
nikampaka dawa ya zambarau mpaka vidole vyangu
vikafanana na vya karani wa uchaguzi.

Dosinda alisikia yote kutoka dirishani.
Hakucheka.
"Mchana kila mmoja anajua kiti chake.
Ngoja usiku. Kuku usiku hana macho, hana cheo.
Wapandishe juu ya ufito, katikati, si pembeni.
Waamke wakiwa wamekwisha kuwamo."

"Na wakidonoana?"

"Watadonoana. Weka madebe mawili ya maji.
Egemeza ubao ukutani, pawe na pa kukimbilia.
Na mikono yako iweke mfukoni
mpaka uone damu."

Alijua asemalo. Mimi nililetwa hapa mchana,
Agosti, gauni jeupe, mbele ya shangazi sita wa Brais.
Mwaka wa tisa huu chumvi inakaa
upande wake wa meza.
Brais, ashindaye machimboni akipasua mawe ya paa,
hajawahi kuiona hiyo chumvi.

Usiku niliingia bandani bila taa.
Joto la mavi na nyasi kavu.
Nikawasukuma wazee huku na huku,
migongo yao mizito, laini, kama mikate inayoumuka,
nikapachika tembe mmoja mmoja penye nafasi.
Sajenti aligutuka, akatoa sauti ya bawaba kuukuu,
akarudi usingizini.

Haukuwa muujiza. Asubuhi walidonolewa.
Kesho yake pia. Mwezi mzima walikunywa mwisho,
wakaoga vumbi mwisho,
na yule wa utepe akawa analala kiotani, anakichafua,
nami namtoa, namrudisha ufitoni,
usiku baada ya usiku, kwapa langu likinuka kuku.

Hata jioni moja nikamkuta ameshapanda.
Mwisho kabisa wa ufito, upepo unakopenyea,
mguu mmoja ameukunja, utepe umechakaa.
Kando yake Sajenti. Si karibu sana.
Upana wa kiganja.

Nikaukata utepe kwa mkasi wa kushonea.
Nyuzi nyingine zilikuwa zimeshaanguka zenyewe
sijui lini.

Jikoni Dosinda alikuwa anamenya viazi kwa kupapasa,
maganda marefu, hayakatiki.
"Wameingia?"
"Wameingia."
"Wote kumi na mmoja?"

Nilivuta kiti. Nikasema, wote.
Supu ilikuwa chapwa.
Sikuomba. Nilinyoosha mkono.