Ubao wa Kupimia

Tunarudi Opole, mvua inapiga kioo.
Tymek kalala na ukanda wa karatasi mkononi,
tiketi iliyokwisha kazi jana saa mbili usiku.
Zbyszek anaendesha, anahesabu mafuta kimoyomoyo;
akiba ya mwaka mzima tumeipandisha kileleni
ikaporomoka kwa dakika mbili, nasi tukishangilia.

Mwaka jana Bogna alipungua vidole viwili
kwenye ule ubao wa kupimia watoto.
Alilia. Nikamnunulia pamba ya sukari.
Safari hii kaupita, bila hata kuchuchumia.
Akapanda peke yake, nikabaki chini
nimeshika koti, miwani, nusu ya soseji.

Sasa yuko nyuma, kimya, anatazama malori.
Koti lake bado liko mapajani mwangu.

Hajaliomba.