Bahasha Kumi na Nne

Mezani kwa mama yake Radim, ghorofa ya tano,
tumetandaza magazeti ya wiki iliyopita
gundi isije ikanata kwenye kitambaa cha sikukuu.
Bahasha kumi na nne.
Ya kumi na tano ilikuwepo; mama ameimwagia chai.

Nje, Ostrava inashukiwa na theluji ya kijivu.
Tramu inakata kona kwa mlio
ambao Otakar anasema ni noti ya la, imelegea kidogo.
Hatumbishii. Ndiye mwenye sikio.

Kizuri chajiuza, husemwa.
Chetu kimekaa miaka sita chumba cha chini, ubavuni mwa boila,
hakijauza hata nauli ya kurudia nyumbani.
Basi tunakitembeza.

Sidii tulizichoma usiku kucha, moja moja, kama mahindi,
na kama mahindi, mbili ziliungua.
Wimbo upi utangulie?
Wenye kumbi, tumeambiwa, husikiliza nusu dakika,
kisha mkono unakwenda kapuni.
Ule mrefu, tuupendao, ambao kinanda changu huchelewa kuingia
kama mgeni anayepangusa viatu mlangoni,
tumeuweka wa nne, asikofika mtu.
Mbele tumeweka wa ngoma na kelele.

Halafu karatasi ya maelezo. Moja tu, isizidi.
Sisi ni nani?
Radim akaandika: *Popel ni bendi changa.*
Bohdana akamtazama upara. Akafuta.
*Yenye sauti ya kipekee.*
Hakuna bendi duniani isiyosema hivyo. Akafuta.
Nilitaka kusema: tulikutana kwenye foleni ya wasio na kazi
mwaka ule mgodi ulipofungwa,
Otakar akijipigapiga mapajani kwa vidole,
nami, bila kujua, nikamjibu kwenye mfuniko wa chupa ya chai.
Sikusema.
Tukaandika *nguvu*, tukaandika *jukwaa*,
tukaandika *Popel, yaani majivu*, tukakoma hapo.

Magazeti yametutaja mara moja.
*Popel walisikika hadi kituo cha basi.*
Bohdana alikata hapo hapo kwa mkasi,
kabla ya *saa saba za usiku, na watoto wamelala*,
kabla ya jina la mlalamikaji na namba ya nyumba yake.

Ikabaki picha.
Picha ina watu watano. Sisi tu wanne.
Lubor aliondoka Septemba kwenda Zwickau
kupanga matairi kwenye ghala,
akaacha besi yake nyuma ya boila, imevuliwa nyuzi.
Mpiga picha anataka pesa, na pesa imeishia kwenye stempu.
Mkasi, basi.
Mara kumi na nne Bohdana alimkata
toka utosini hadi kiatuni,
akijiuma mdomo kama mtu anayetunga uzi sindanoni.
Lakini mkono wa Lubor ulikuwa begani kwa Radim,
na huwezi kuutoa usitoe na sikio.
Ukabaki: vidole vinne, havina mwenyewe.

"Wakiuliza ni vya nani?" akauliza mama.
Otakar akafungua dirisha, akalifunga.

Tulilamba, tukabandika, tukagonga kwa ngumi.
Vipande vya Lubor vilijaa mezani, vyembamba,
kumi na vinne, vyote vinacheka.
Nilivikusanya kiganjani nisijue pa kuvitupa,
na kumbe mama ameshaanika ile bahasha yake juu ya bomba la joto,
imekauka, imekunjamana, ina doa kama ramani ya nchi ndogo.
Akainyoosha kwa kiganja. Akanipa kalamu.

Sikuweka maelezo. Sikuweka picha.
Niliweka sidii moja, na zile nyuzi za besi nilizoziviringisha.
Huyu ataufikia wa nne. Ni yeye aliyeutunga.

Stempu ya nje ni ghali.
Radim alijipekua mifuko yote,
ya koti, ya suruali, na ya koti tena,
akarudi mezani na sarafu, na tiketi ya tramu
iliyokwishatobolewa.