Kopo

Siku ya kwanza Bassu alinipa kazi tatu:
kuwafunga ngamia miguu jua likizama,
kuhesabu maji,
na kutembea nyuma ya wote.
"Wa mbele anaijua njia," alisema.
"Wa nyuma anajua tumeacha nini."

Tulitoka Mhamid alfajiri, wageni watano,
ngamia sita, lita themanini katika madebe ya bluu.
Garazi, tabibu wa meno kutoka Bilbao,
alivaa viatu vya bei ya mbuzi wawili.
Kufika adhuhuri amevivua,
anatembea peku na kucheka
kama mtu aliyesamehewa deni.

Maji: kikombe cha uso, kikombe cha mikono.
Sahani tulizisugua kwa mchanga
mpaka zikang'aa kuliko za mama yangu.
Karatasi za chooni zilichomwa,
na kila mgeni aliomba kiberiti kwa kunong'ona,
kama anayeomba mkopo.

Kuni: Bassu alilikunja kwanza tawi la mgunga.
Likipinda, analiachia.
"Huyu bado anapumua."
Likivunjika, ka!, analiweka kwapani.
Siku ya pili yote yalipinda,
tukaokota mavi ya ngamia, makavu, mepesi,
na mkate uliofukiwa chini ya majivu yake
ukatoka na harufu ya majani ya mbali.
Wageni walikula wakasifu nyota.
Mimi nyota sikuziona.
Nilikuwa nikigongagonga madebe,
nikisikiliza lipi limeanza kulia.

Siku ya tatu upepo uliamka kabla yetu.
Pakiti ya biskuti ikamchomoka Garazi mfukoni,
ikapanda tuta, ikashuka, ikapotea.
"Basi," alisema, "ni karatasi tu."
Bassu hakusema neno.
Alifunga kilemba hadi puani akaifuata.

Tulimwona akiwa mtu,
kisha fimbo,
kisha nukta,
kisha mahali ambapo nukta ilikuwapo.

Ngamia walipiga magoti, wakaupa upepo mgongo.
Saa nzima. Chai ilipoa, ikaota ngozi ya vumbi.
Garazi alilia kwa aibu, akajifuta kwa kiganja,
mchanga ukamwingia jichoni, akalia vizuri zaidi.

Alirudi na pakiti mkono wa kushoto.
Wa kulia: kopo la dagaa, limekula kutu,
mdomo umekatwa kwa kisu, vibaya, mshazari.
Aliketi. Akalizungusha, akalizungusha tena.
Kisha akaonyesha kidole gumba, na kovu lake,
akaliweka kovu juu ya ule ufa.
Vikaingiana.

"Mwaka wa ukame," alisema.
"Nilikuwa na umri wa huyu." Akaninyooshea kidevu.
"Mwenye msafara alisema fukia,
nikachimba mpaka hapa," akagusa kiwiko.
"Nilidhani mchanga ni tumbo."
Alinyamaza muda mrefu.
"Kumbe ni sanduku."

Hakuna aliyejua la kusema,
kwa hiyo tulifunga mizigo.

Nilitegemea alitie kwenye gunia la taka
pamoja na betri, maganda ya mayai
na ile pakiti iliyotutesa.
Badala yake alilitumbukiza katika mkoba wangu.
Hakueleza. Nami sikuuliza;
na bado sijui kama ilikuwa adhabu au urithi.

Miaka minne sasa. Bassu magoti yamekataa;
anakaa nyumbani, anarekebisha matandiko,
ananituma salamu kwa ngamia, mmoja mmoja, kwa jina.
Mimi natembea mbele.
Nyuma yupo binti wa dada yake, Tuda,
mkali kuliko sisi wote,
aliyemrudisha mgeni nusu maili
kwa ajili ya kokwa ya tende.

Jana usiku mmoja aliliona kopo likining'inia,
akauliza nahifadhi nini humo.
Nikamwambia: mchanga kidogo,
na mkono wa Bassu alipokuwa mimi.
Alicheka, akadhani natania.
Nikaenda kuhesabu maji.