Kuudanganya Mti

Mwezi wa saba, vumbi la Nguba limefika hadi kwenye ulimi,
napanda ngazi ya baba, nauvua mpea majani
moja moja, kwa mkono, kuanzia juu,
kama unavyomvua nguo mtoto aliyepitiwa na usingizi.
Mama Cibalonza huniuliza kila mwaka, kidevu juu ya ukuta:
"Umekosa nini?"

Haujakosa. Unangoja baridi.
Kwao kuna miezi ardhi inakuwa ngumu kama sahani;
bila hiyo haujui kwamba mwaka umekwisha.
Na Bukavu mwaka hauishi: mvua, ukungu, jua, mvua tena.
Basi tunaudanganya. Tunaunyima maji wiki sita
hadi udhani umelala,
na tone la kwanza likigonga mabati
unakurupuka, umejaa maua meupe, hauna jani hata moja,
kama mtu aliyewahi misa akasahau viatu.

Baba alikuwa mtunza bustani wa masista.
Siku walipoukata mti wenyewe ili wajenge gereji
alitoka getini na kijiti ndani ya kofia,
akakiunga kwenye chipukizi la mzizi uleule,
akafunga jeraha kwa mpira wa baiskeli.
Kibati cha jina nacho alikichukua.
Herufi zimelika. Zimebaki B, na mwishoni R.

Tunda lake lina rangi ya kutu, shingo imepinda.
Watoto huliiba, huliuma mara moja, hulitupa.
Haliivi mtini, hili.
Hulazwa ndani ya maharage makavu siku kumi na moja,
kisha unabonyeza shingoni, si tumboni.
"Pea huiva kuanzia moyoni," baba alisema.
"Ukingoja tumbo lilegee, umechelewa."

Mwaka ule wa milio, tulipolala chini ya vitanda,
nani angekumbuka kuudanganya?
Ukabaki na majani yake yote, mzito, kijani kibichi.
Haukuzaa hata moja.
Baba akasimama chini yake, mikono mfukoni:
"Mwaka huu tumeuambia ukweli."

Jana Mugisho, mtoto wa Mama Cibalonza,
amekuja na kisu na kipande cha mpira.
Nimemkatia kijiti chenye macho matatu.
"Unaitwaje?"
Uvue majani mwezi wa saba, nikamwambia.
Jina tutaliongea ukizaa.