Kabla ya Sauti ya Kwanza

Aliuliza Shamte, wa safu ya nyuma,
feni ya ukumbi ikikata hewa bila kuipoza:
"Mwalimu, mtoto aliyezaliwa ndani ya chombo cha anga,
safari ya miaka mia tatu,
akitaka kuswali, aelekee wapi?"
Darasa likacheka.
Nilikuwa na jibu la mafakihi, la msafiri
aliyepotelewa na kibla akajitahidi kadiri ya uwezo wake.
Nikalitoa. Wakaliandika.
Lakini swali lilipanda nami ngazi za Mlimani hadi ofisini,
likakaa kwenye kiti cha wageni,
halikuaga.

Wenzangu idarani wananijua kwa tanbihi zangu ndefu.
Hawajui habari za kitabu nilichonunua Posta,
juu ya turubai, shilingi elfu mbili,
jalada lenye sayari mbili za rangi ya papai
na kurasa za mwisho zimechanwa,
labda zilifungia karanga.
Watu wake wamesafiri vizazi tisa
kwenda kwenye dunia ambayo hakuna aliyeiona,
na pale tu mlango unapoanza kufunguka,
karanga.

Tangu hapo nimekiandikia miisho kumi na mmoja
nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani.
Katika mmoja, mlango unakwama.
Katika mwingine wanatoka, mvua inawanyea,
wanakimbilia ndani wakilia,
maana mvua kwao ilikuwa neno la kwenye nyimbo.
Katika wa saba kuna kwaya.
Kusema kweli, katika yote kuna kwaya.
Siwezi kujizuia.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya, Mpare wa Usangi
aliyeletwa Dar na kazi ya reli.
Alitufundisha sol-fa kwa chaki
juu ya mlango wa jikoni.
Mama akiufungua, nusu ya wimbo
inageukia ukutani,
nasi tunaendelea kwa kukisia.
Nilijua kusoma sauti ya pili kabla ya kujua kusoma Zaburi.
Yeye alikuwa besi. Hadi leo, Alhamisi za mazoezi,
wanaume wa besi wanaacha nafasi
ya mabega ya mtu mmoja.
Mzee Eliakimu akiambiwa asogee,
husogea nusu hatua.

Juzi nilipeleka kaseti yake Kariakoo.
Fundi Mbwana akauzungusha mkanda kwa penseli,
taratibu, kama anayemfumua mtoto nywele.
"Wimbo sikuahidi, dada. Labda vipande."
Umeme ukakatika. Tukangoja.
Ikaadhiniwa alasiri, akatandika mkeka
katikati ya mizoga ya redio.
Kibla chake ni mshale wa kalamu
juu ya kasha la televisheni bovu.
"Na kasha likihamishwa?" nikamuuliza baadaye,
mtafiti hapumziki.
"Nalirudisha. Najua lilivyokuwa limekaa."

Umeme uliporudi, akabonyeza.
Wimbo haukuwemo. Unyevu wa jiji hili umeula.
Kilichobaki ni kidole cha baba kikigonga meza,
"Tatu… nne…"
kisha watu arobaini wakivuta pumzi pamoja.
Kisha mkwaruzo.

Tuliirudia mara sita.
Watu arobaini, na wengi wao nimewazika,
wamejaza vifua
kwa ajili ya sauti ambayo bado haipo
na ambayo hawana shaka nayo hata kidogo.
Mbwana hakutaka malipo. Nikamlipa.

Shamte, bado sijui mtoto yule aelekee wapi.
Halitatoka kwenye mtihani.

Usiku, chini ya taa ya kuchaji, mwisho wa kumi na mbili:
mlango unaanza kufunguka.
Hakuna anayesema kitu.
Nyuma kabisa, mtu ambaye sijampa jina
anagonga ukuta wa chuma kwa kidole.
Tatu.
Nne.