Bisha

Chombo tulikiita Bisha.
Ni amri moja, neno moja; ukiliandika
linakwenda kwenye kila tundu la kompyuta,
linagonga, linangoja,
linarudi na majina ya waliomo.

Kazi yangu ni ukurasa wa maelezo.
Wamimbi aliunda chombo kwa wiki tatu;
mimi nina siku ya nne kwenye aya ya kwanza,
orofa ya pili, Barabara ya Naboa, Mbale,
Wanale umejifunika ukungu hadi kidevuni
na taa zinakonyeza kama mtu mwenye siri.

Msomaji wangu hana mikono.
Ni wakala, akili ya kuundwa.
Haoni taa ya kijani karibu na pembe iliyomegeka,
hasikii feni,
hanusi plastiki inapoanza kuungua.
Ana maandishi yangu tu.
Nikiandika "kwa kawaida", ataiamini kawaida.
Nikiandika "bodi", ataona bodi moja, ya kwenye picha,
ile ambayo nusu ya dunia imekwisha kuiandika.

Ndivyo ilivyokuwa Februari, kiwandani kwa Mama Khainza.
Mashine ya kuchambua kahawa:
punje inaanguka mbele ya kamera,
chipu inaamua kabla haijafika chini,
pumzi ya hewa inaifukuza iliyo nyeusi.
Chipu hizi, FPGA, hazizaliwi na kazi;
unazivika umbo jioni, asubuhi unalivua,
unazivika jingine.
Wakala alikuta bodi mbili, kebo zinafanana.
Hakuuliza. Alidhani.
Faili ya bodi ya majaribio akaimwaga kwenye bodi ya kazi,
akaandika: Imekamilika.

Na kweli ilikamilika.
Usiku kucha mashine ikatema punje nzuri,
ikazitunza mbovu kwa heshima,
magunia kumi na moja.
Asubuhi Mama Khainza akazamisha mkono hadi kiwiko,
akautoa, akafungua kiganja,
hakusema neno.
Kiganja kile ndicho ninachokiandikia.

Basi:
Kabla hujagusa, bisha.
Hapa kwetu huingii ua wa mtu kimyakimya;
unasema mulembe, unangoja mulembe urudi.
Chipu nayo ina jibu lake,
tarakimu thelathini na mbili za sifuri na moja:
nani aliyeitengeneza, ukoo gani, toleo la ngapi.
Lisome lote. Usiishie kwenye ukoo.
Ndugu hufanana sura,
lakini deni la mmoja hulipeleki kwa mwenzake.

Nimefuta "labda" mara sita.
Nimefuta "bila shaka" mara moja tu, kwa hasira,
maana hilo ndilo lililotuponza.

Wamimbi anasoma juu ya bega langu, anatafuna gonja.
Jina hili, anasema, litamchanganya.
Bisha ni kugonga mlango.
Bisha pia ni kukataa, kushindana kwa maneno.
Ashike lipi?
Kidole changu kimesimama juu ya kitufe.
Sikuwa nimeliona hilo, miezi yote hii
nikilitamka jina kutwa mara mia.

Yote mawili, namwambia.
Yeye agonge;
na akija na jina alilolibeba kichwani,
chombo kimbishie:
uliyemtaja siye aliyeitika.

Umeme umekwenda. Betri ina asilimia tisa.
Naandika mistari ambayo haikuwa kwenye mpango:
Ukibisha na asiitike mtu,
usimjazie jina.
Andika sijui.
Rudi kwa mwenye mikono,
mwombe akatazame ni kebo ipi iliyolegea.

Kisha nachomoa bodi iliyo mezani,
bado ina joto, kama yai lililotoka chini ya kuku,
nalitoa lile neno moja gizani.
"Hakuna aliyeitika," kinasema chombo.
Na kwa mara ya kwanza wiki hii
nakiamini.