Chaguo-Msingi

Nilipokabidhiwa funguo za stationeri,
Kirumba, njia ya kushukia Mwaloni,
nilikabidhiwa na kivinjari cha Sospeter,
wala hati ya makabidhiano haikusema
kwamba kila kitufe kimehamishwa makazi.

Mshale wa kurudi nyuma hauko ulikozaliwa.
Kitufe cha kuchapisha kimekaa mbele kama bwana harusi.
Ile nyumba ndogo ya ukurasa wa mwanzo
imebomolewa, na sikuona X nyekundu ukutani.
Upande wa kulia wa upau, uwanja mtupu;
kushoto vimebanana kama magunia ya dagaa,
na herufi asilimia mia na sabini:
neno "malipo" peke yake lilijaza kioo
kama robota la pamba juu ya baiskeli.

Nikasema: huyu alikuwa mlevi.

Siku ya kwanza nahangaika, sioni pa kupakulia,
mteja, mama wa Kitangiri, cheti cha mtoto mkononi,
akainama juu ya kaunta akaninyooshea kidole:
"Hapo, mwanangu. Kushoto kabisa.
Sospeter huwa anagusa hapo."

Jumamosi, mvua imewafungia watu majumbani,
nikafungua Mipangilio, nimekunja mikono ya blauzi
kama anayekwenda kuosha masufuria ya msibani.
Nilijua ninachokitafuta, kile kitufe cha chini kabisa:
Rejesha chaguo-msingi.
Na kidole kilikuwa tayari, jamani, kilikuwa tayari.

Ila nilipitia kwanza kwenye kamusi
(sijui kwa nini; labda umbea)
pale kivinjari kinapotajiwa maneno ya kuyaacha,
yasipigiwe ule mstari mwekundu wenye mawimbi.
Sospeter alikuwa ameandika:
Nyamhongolo. Kayenze. Furu. Ningu. Gogogo.
Ng'washi. Ndalahwa. Manyilizu.
Nkwabi, na Nkwaby mwenye y,
kama cheti chake kilivyokosewa.
Mia mbili na kumi na moja.
Kila aliyeketi kwenye kiti kile cha plastiki
akaliona jina la babu yake limepigiwa mstari
kama jibu la mtoto asiyesoma,
Sospeter alibonyeza kulia, akaiambia mashine:
huyu yupo.

Nikampigia. Siku hizi yuko Nansio,
honi ya kivuko inamkata maneno.
"Herufi kubwa za nini?"
"Mteja asome mwenyewe, amesimama, kabla hajalipa."
"Na kushoto?"
Akacheka. "Angalia nyuma ya kabati."

Kioo cha zamani kilikuwapo, kimefunikwa kanga,
kulia cheusi tii, upana wa viganja viwili.
Paa lilivuja usiku mmoja wa masika.
Miaka miwili mashine iliona kwa jicho moja,
naye akavihamishia vitufe vyote kwenye jicho zima.
Kioo kipya kilipokuja, mkono ulishahamia.

Chaguo-msingi! Msingi wa nani?
Kwetu Mabatini mtu hachagui msingi,
analikuta jiwe limeshakaa,
anaizungusha nyumba, jiko linaangukia mlangoni,
na mgeni akishangaa anaambiwa: hapo pana jiwe.

Sikurejesha.
Uongo. Ile nyumba ndogo nimeirudisha, naipenda tu.
Herufi nilizishusha hadi mia na ishirini,
mzee Bulugu akanuna, nikazipandisha.
Kitufe cha kuchapisha nimekisogeza, kidogo.

Kisha, duka tupu, nikaandika jina langu
kwenye fomu isiyo ya mtu: Nyanjige.
Mawimbi yakaja chini yake, mekundu, upesi,
kama yaliyokuwa yakinisubiri.
Nikabonyeza kulia.
Mia mbili na kumi na mbili.

Nje mtu anagonga bati la mlango:
"Dada, umeme upo?"